Mama Mafunzo na Jicho Lake la Begani

Kwanza inalia klap. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayemeza. Halafu unaanza mngurumo mwembamba, wa nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Hiyo ndiyo sauti ya kamera ya Mama Mafunzo ikipokea mkanda, na mpaka leo nikisikia sauti inayofanana nayo, hata nikipita nje ya banda la video sokoni, mgongo wangu unanyooka wenyewe na mkono unapanda kichwani kutafuta nywele zilizochomoka. Mwili haujaambiwa kwamba yule mama hayupo tena kiwandani, wala kiwanda chenyewe.

Tulimwita Mama Mafunzo kwa sababu ya kazi yake: alikuwa afisa mafunzo wa kiwanda cha maziwa pale Musoma. Jina analo, na watoto wake wanalo, lakini mimi sikuwahi kumwita hivyo na sitaanza leo. Alikuwa jirani yetu mtaa wa Kamunyonge tangu sijajua kufunga kamba za viatu, kisha akawa mkubwa wangu kazini, nilipomaliza darasa la saba na kukaa nyumbani mpaka ukuta ukanichoka. Kamera ilikuja na mradi. Wageni waliofadhili mafunzo walileta kamera kubwa ya kubeba begani, televisheni na deki ya kuchezea mikanda, wakamfundisha namna ya kuwarekodi watu wakiwa kazini, kisha kukaa nao waitazame kazi yao wenyewe, ili ieleweke inavyofanyika kweli na siyo inavyoandikwa ofisini. Mradi ukaisha, wageni wakaenda zao. Yeye akaendelea kana kwamba hakuna aliyempa habari.

Lakini kuangalia watu hakukuanza na kamera. Miaka ile sukari na sabuni zilipokuwa za foleni, duka la ushirika likifunguliwa siku wanayoijua wao, watu walikuwa wanapanga mawe tangu alfajiri. Jiwe lako limesimama kwenye foleni, wewe umekwenda kuchota maji. Foleni nzima ya mawe, matofali, ndoo iliyotoboka, kandambili moja. Mama Mafunzo akifika, kabla hajaweka lake, anatembea kando ya foleni polepole, mikono nyuma, anasema hili la mama fulani, hili la yule kinyozi, na huyu aliyeweka sufuria atarudi mapema maana ameacha maharage jikoni. Alikuwa hakosei sana. Siku moja akafika kwenye jiwe la kina Nyangeta, nyumba ya ng'ambo ya barabara, akalitaja bila kusimama. Lililofuata lilikuwa letu. Nililichagua mwenyewe ufukweni, jeupe, lina mstari katikati kama mtu aliyevaa mkanda, nikitaka lipendeze kuliko yote. Akasimama. Akaliangalia. Akasema, "Na hili la nani?"

Nadhani wivu wangu ulizaliwa asubuhi hiyo, na toka hapo tumekua pamoja.

Nyangeta nimtambulishe vizuri maana hataondoka mpaka mwisho. Tulisoma dawati moja, tukaajiriwa pamoja. Yeye akapelekwa mapokezi, pale malori ya Bunda na ya Butiama yanaposhusha keni za maziwa. Mimi nikapelekwa chumba cha pakiti, nyuma ya kioo, kwenye mashine inayomimina na kufunga, nikipanga pakiti kwenye kreti. Hajawahi kunifanyia ubaya wowote. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akikukosea unapata pa kuweka hasira. Nyangeta alikuwa ananigawia hata karanga zake, na mimi natafuna karanga zake huku namwonea wivu.

Maana kamera ilipenda mapokezi. Mama Mafunzo alifika na gambuti nyeupe, gauni la kitenge, na ile kamera begani kama mama aliyebeba mtoto wa mwenzake, kwa uangalifu na bila kubembeleza. Akichagua pembe yake kati ya tangi na mlango hasogei tena. Asubuhi nzima. Kazi ya watu, alikuwa anasema, iko pale wanapokutana. Chumba chetu cha pakiti alikirekodi mara moja, siku za mwanzo, akasema ameona mashine ikifanya kazi na sisi tukiisubiri. Ni kweli tulikuwa tunaisubiri. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimesuka, nimeazima hereni za dada yangu, na nilikuwa nimeshaona kichwani mwangu jinsi watu wa Ulaya watakavyokaa mbele ya televisheni yao wakiulizana yule binti wa pakiti ni nani. Nilikuwaga mtu wa kuota mchana. Bado niko hivyo hivyo.

Alikuwa na maneno yake. Ukianza kumweleza kazi yako anainua kiganja: "Usinielezee. Fanya." Neno lake kubwa lilikuwa "turudishe nyuma kidogo", alilolitoa kwenye deki akaanza kulitumia kwa binadamu. Watoto wakigombana uani kwake, haulizi nani alianza. Anasema, "Turudishe nyuma kidogo. Kabla ya ngumi, nani alinyamaza?" Watoto wanakodoa macho, wanasahau ugomvi. Mara moja nilimsikia akimwambia hivyo mumewe, kwa upole kabisa, na yule baba akachukua kofia yake akaenda kucheza bao.

Siku za kutazama, tulikusanyika kantini baada ya zamu. Yeye anakaa pembeni ya televisheni, siyo nyuma yetu wala mbele, ili atuone sisi na picha kwa pamoja. Hapo pembeni yake kulikuwa na kigoda, na kigodani alikaa Nyangeta. Hakuna aliyempangia. Alikaa siku ya kwanza kwa sababu viti vilikwisha, na kuanzia hapo kikawa chake. Ningeweza kuchora kile kigoda sasa hivi nimefumba macho.

Nikumbuke kisa cha Magesa, maana ndicho kinachomweleza yule mama kuliko vyeo vyake. Magesa alikuwa mpimaji wa mapokezi, mtu wa Ikizu, mpole, na lori la Bunda wakati mwingine lilikuja na mama mmoja wa Nyamuswa aliyewakilisha kikundi chao cha wafugaji. Yule mama alikuwa mkwe wake: Magesa amemwoa binti yake. Na kwa watu wa huko mkwe hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso, achilia mbali kupima maziwa yake na kumwambia yameharibika. Basi kwenye mkanda unamwona Magesa anapima, keni baada ya keni, lori linaingia, na ghafla hayupo. Amepotelea nyuma ya tangi. Nyangeta, bila kuitwa, bila hata kuinua uso, ameshika kipimo na kazi inaendelea. Yule mama anaondoka, Magesa anatokeza, anapokea kipimo, Nyangeta anarudi kufuta vifuniko. Wala hawakuangaliana.

Mama Mafunzo akasimamisha picha. "Turudishe nyuma kidogo. Magesa hapa amekwenda wapi?"

Tukaanza kucheka kichinichini. Akageuka kumuuliza mwenyewe, na Magesa hakuwepo kantini. Tulimwona kupitia dirishani: amesimama nje, ametupa mgongo, anaangalia ukuta wa stoo. Mkwe wake alikuwa ametokea kwenye televisheni, naye akatoka. Dereva mmoja akamwita arudi, akamwambia ile ni picha tu, yule mama mwenyewe yuko Nyamuswa anakamua.

"Akishapita mniite," Magesa akajibu, bila kugeuka.

Hapo ungetegemea mtu mwenye cheti cha ukutani afanye nini? Acheke, au atoe somo la mila na maendeleo. Yeye alifungua kanga yake ya begani akaifunika televisheni, yote, mpaka chini. Akaacha mkanda utembee. Tukakaa tunasikiliza keni zikigongana ndani ya kanga, sauti ya yule mama akiuliza bei, sisi kimya kama tuko ibadani. Lori lilipoondoka akavuta kanga, akajifunga, akasema sasa mwiteni. Magesa akaingia, akakaa, akasema asante mama. Ikawa ndiyo desturi. Lori la Bunda likitokea na yule mama, kanga inapanda.

Mimi nilicheka na wenzangu, lakini moyoni nilikuwa nawaza kitu kingine: hata Magesa ana kanga yake. Hata anayejificha anaonekana. Mimi ninayejianika hanioni.

Kwa hiyo nikaanza safari za kreti. Toka chumba cha pakiti kwenda stoo kuna njia ya nyuma, fupi, kavu. Nikaiacha. Nikawa napita mapokezi, mbele ya jicho lile, na kreti mkononi, polepole, shingo imenyooka kama napeleka zawadi kwa askofu. Nikifika stoo naweka kreti, nikirudi nabeba tupu. Halafu nikagundua kreti yenyewe si lazima iwe na maziwa. Siku ya kutazama ilipofika, watu wakaona lori linaingia, na mimi napita. Magesa anapima, mimi napita. Dereva anajikuna, mimi huyo tena.

"Huyu na kreti yake anahamia wapi?" akauliza fundi wa mashine.

Kantini nzima ikaanguka kwa kicheko. Kuanzia jioni ile jina langu likawa Kreti. Getini, kwenye basi, mpaka shambani kwa mjomba lilifika. Nilicheka nao, mimi siyo mtu wa kununa, ila niliangalia pembeni ya televisheni kuona yeye anasemaje. Alikuwa anarudisha mkanda nyuma, uso umeinamia deki. Na katika wote, ni yeye peke yake ambaye hakuniita Kreti. Nililichukua hilo kama dharau zaidi. Nilidhani hata jina la utani ameona halinistahili.

Sikuacha kupita. Nani aliwahi kuacha kitu kama hicho kwa sababu amechekwa?

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu aliyeishi kwa kutazama wengine hakuvumilia kutazamwa. Harusini, mpiga picha akisema familia wasogee, Mama Mafunzo amekumbuka sufuria. Kipaimara cha mjukuu wake, picha zote, utaona watu wote wa ukoo na pengo dogo palipokuwa pake. Alihubiri kwamba kamera haimhukumu mtu, halafu yeye mwenyewe alikuwa na kinyongo cha miaka na muuza samaki mmoja aliyemuuzia sato aliyelala. Aliona kidole cha mtu kinachotetemeka kwenye kipimo, lakini hakuona ugali wake ukiungua. Majirani tulisikia harufu kabla yake, na mama yangu akanituma nikagonge. Nikigonga ananiambia asante mwanangu, anaingia, na mimi nabaki mlangoni nimeshapata hilo moja la kunitosha siku nzima. Mwanangu. Mwenzangu alimwita kwa jina, Nyangeta. Mtu mwingine angeona nani amependelewa. Mimi nilihesabu kinyume: jina ndilo la mtu unayemfahamu, mwanangu ni la kila mtoto aliyegonga.

Halafu akaanza kumfundisha Nyangeta kushika kamera.

Niliwaona kupitia kioo. Nyangeta amebeba lile jicho begani, miguu imetanuka, Mama Mafunzo nyuma yake amemshika kiwiko. Mikono yangu ikasahau pakiti mpaka mashine ikamwaga maziwa sakafuni. Jioni nilimfuata Mama Mafunzo njiani, nikamwambia na mimi nataka kujifunza. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na sababu nyingi nzuri, nilikuwa hata nimejifunza namna ya kusimama bila kutingishika kwa kubeba ndoo ya maji bega moja. Hakuniacha nizitoe. Alinitazama muda mrefu, nikadhani sasa.

"Wewe bado," akasema. Akaendelea kutembea.

Bado ya nini, hakusema. Nilipita dukani nikanunua karanga zangu mwenyewe, nikazitafuna mpaka nyumbani.

Basi miaka ikageuka. Foleni za mawe zikapotea, maduka yakajaa vitu, ila sasa ni mifuko iliyokuwa mitupu. Maziwa ya boksi kutoka nje yakapangwa rafu ya mbele. Plastiki ya pakiti ikawa inakosekana, umeme unakatika, tunakaa juu ya kreti zetu tunaimba kwaya. Ikasemwa viwanda vitauzwa, na chetu kimo. Ikasemwa watu watapunguzwa. Halafu ikatufikia kantini kwamba watu wa mnunuzi wamesikia habari za mikanda, na wanaitaka, wajionee wenyewe nani anafanya kazi na nani anategea.

Wote tukamgeukia Magesa. Ukiwa hujui mambo ya mkwe, ukiangalia ile mikanda unaona nini? Unaona mtu mzima anayejificha nyuma ya tangi kila lori la Bunda likifika. Na mimi? Unaona msichana anayezurura na kreti tupu.

Ndipo Mama Mafunzo akashikwa na homa ya sherehe. Sijui niite nini. Mtu aliyekuwa haruhusu kamera itoke getini bila mfuko wake, akaanza kurekodi kila kilichotokea mjini: harusi, kwaya, kipaimara, ubatizo, mahafali ya shule ya awali, na sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa, bure, siku nzima, Nyangeta akimshikia taa, na mkanda akatuachia. Watu wakasema amenusa upepo, anajipangia biashara. Kweli baadaye aliifanya hiyo biashara, na aliifanya vizuri. Lakini watu wa mnunuzi walipokuja, aliwafungulia kabati kwa adabu zote, akawawekea mkanda mmoja baada ya mwingine. Wakatazama kwaya. Wakatazama bibi harusi akilishwa keki. Mmoja akauliza kazi iko wapi. Akajibiwa kwamba mikanda mipya ilikosekana, fedha za kigeni hazikuwepo, ikabidi itumike ile ya zamani.

Mtu wa utawala alimfokea vibaya, mbele yetu. Kazi ya miaka yote ile, akamwambia, umerekodi keki juu yake. Yeye alisimama na gambuti zake akisikiliza, na sisi hatukujua, na sijui mpaka leo, kama ilikuwa ubahili, au biashara, au ile kanga tena, safari hii kubwa zaidi. Nilimwuliza Nyangeta. Alisema hakuambiwa. Nilifurahi kusikia kuna kitu na yeye hakuambiwa.

Kiwanda kiliuzwa, kikafungwa, kikafunguliwa nusu, kikafungwa tena. Magesa alibaki kwa muda kisha akarudi kwao kwa ng'ombe zake. Nyangeta alichukuliwa na kampuni ya samaki, baadaye akaolewa Bunda. Mimi nilipunguzwa kwenye kundi la kwanza, nikaenda kukaa kwa dada na shemeji hapo hapo Kamunyonge, nikauza maandazi, na naendelea kuota. Mama Mafunzo alipostaafu aliuza kamera, akahamia Butiama kwenye kiwanja cha mumewe.

Nilimtembelea mwaka huu, baada ya kukaa muda mrefu bila kumwona. Nilikuwa nakwenda mazishini upande ule, nikasema nipitie. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo, miwani imeshuka puani, ng'ombe wake wawili wamefungwa karibu kama wageni waheshimiwa. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuinua uso. Halafu akainua.

"Kreti," akasema. "Karibu ukae."

Nilikaa kabla sijaelekezwa pa kukaa. Tulizungumza ya nyumbani, nani amekufa, nani ameongeza chumba, yule muuza samaki bado yupo na bado hajasamehewa. Aliuliza maandazi yangu nayakaanga saa ngapi na nani anakuja kwanza, akataka nimweleze wanavyosimama, nikaona bado yuko vile vile, amepungukiwa kamera tu. Nilimsaidia mchele. Na kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yako ungoni, nikaweza kuuliza.

"Mama, kwa nini alikuwa Nyangeta? Kwa nini siyo mimi?"

Hakujifanya hajaelewa. Alitoa mawe kadhaa, akayatupa. Akaniambia Nyangeta alikuwa hajali kuonekana. Ukimweka nyuma ya kamera hajapungukiwa na kitu.

"Wewe ulikuwa unataka kuonwa," akasema. "Siyo vibaya, usiniangalie hivyo. Lakini ningekupa kamera ningekuwa nimekuficha nyuma yake. Nani angekuona?"

Nikamwambia hakuna aliyeniona hata hivyo. Nilisema kwa nusu utani.

Akapepeta mara mbili tatu. Kisha akauliza ule mkanda wa sendofu ya dada yangu kama bado tunao. Nikasema tunao, dada anautoa wageni wakija. Akauliza tuliutazama mpaka mwisho? Nikasema ndiyo, mpaka watu walipoondoka, mpaka picha ikaisha ikawa chenga tupu.

"Basi hamjafika mwisho," akasema. "Msizime kwenye chenga."

Alinifungia mtindi wa kupeleka nyumbani, akanisindikiza mpaka barabarani, na basi lilipoondoka niligeuka kumpungia. Alikuwa amesimama mikono nyuma, analiangalia basi zima, dirisha kwa dirisha, kama zamani foleni ya mawe.

Kesho yake nilisubiri dada aende sokoni na shemeji kazini. Shemeji huyu ana tabia ya kurekodi mpira, na zaidi ya mara moja ameutolea macho mkanda wa sendofu, anasema una nafasi kubwa mwishoni inakaa bure. Nikafunga mlango. Nikausukuma mkanda kwenye deki: klap, kimya, ule mngurumo. Nikanyoosha mgongo, mbele ya televisheni, peke yangu.

Nikapeleka mbele. Dada akacheza kwa kasi, akalia kwa kasi, shangazi wakaruka kama kuku. Ikaja chenga. Mkono ukaenda kwenye kitufe kwa mazoea, nikaurudisha mapajani. Chenga, chenga. Halafu mstari mmoja ukashuka, na mapokezi yakatokea, yameinama upande.

Picha ilikuwa inatingishika. Nikajua ni Nyangeta, siku zake za mwanzo. Na katikati ya picha amesimama Mama Mafunzo. Yeye mwenyewe, mzima mzima, ambaye ukoo wote hauna picha yake. Sijui kama alijua kwamba kamera imewaka. Hakuwa anaiangalia. Alikuwa ameangalia upande wa kulia, na mimi niliyefanya kazi jengo lile najua upande wa kulia kuna nini. Kuna kioo, na kando ya kioo mlango wa chumba cha pakiti. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kitu kinachomfurahisha na ambacho anajua hakichelewi.

Sauti ya Nyangeta ikauliza, azime?

"Ngoja," akasema Mama Mafunzo. "Atapita sasa hivi."

Wakangoja wote wawili. Keni ikagongwa mahali. Mlango ukafunguka, na huyo nikatokea, mwembamba, hereni za dada masikioni, shingo imenyooka, nimebeba kreti isiyo na kitu. Nikapita mbele yake. Yeye akageuza kichwa kunifuata, taratibu, mpaka nikaishia, na alikuwa anacheka, siyo kama walivyocheka kantini. Halafu chenga, na safari hii ilikuwa chenga ya kweli.

Na sitadanganya, wivu ulinijia hata hapo. Kwamba picha yake pekee, mtu aliyeichukua ni Nyangeta.

Niliutoa mkanda ungali wa moto. Ubavuni mwa kila mkanda, yeye ndiye aliyetufundisha, kuna kijipande kidogo cha plastiki. Kikiwepo unaweza kurekodi juu yake, kikitoka huwezi. Nilichukua kisu cha vitunguu, nikaweka ncha pembeni, nikakivunja. Kilirukia chini ya kochi. Nikapiga magoti nikakitafuta, nikakikuta, nikakitia kwenye pindo la kanga nikafunga fundo. Kisha nikaurudisha mkanda nyuma mpaka mwanzo, nikauweka mahali pake juu ya deki, nikaenda kukanda unga.